Kwa Nini Miezi Sita?

 

Siku moja hapa Wasini mama mmoja aliniuliza swali. Mtoto wake alikuwa katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu, yaani TB. Akasema, "Sista, mtoto keshapona. Hakohoi, anakula, anacheza. Na kuvuka hadi Shimoni ni nauli. Hii miezi sita aliiamua nani?"

Ni swali zuri. Nitakujibu wewe kama nilivyomjibu yeye.

Aliyetuonyesha njia ya kupata jibu hakuwa daktari. Aliitwa Austin Bradford Hill, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1897. Alitaka kusomea udaktari, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, naye akaingia jeshini akawa rubani. Huko vitani akapata TB. Wakati ule ugonjwa huu haukuwa na dawa. Mgonjwa alilazwa, akapewa hewa safi na chakula, kisha watu wakangoja. Hill alipona, lakini alikuwa amelala kitandani muda mrefu na nafasi ya udaktari ikampita. Akasoma uchumi kwa njia ya posta, akapata digrii ya Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1922. Baadaye akaingia kazi ya takwimu za afya, na mwaka wa 1945 akawa profesa wa takwimu za tiba mjini London.

Takwimu ni nini? Mama, wewe unaijua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiuza samaki usiandike, jioni huwezi kujua kama umepata au umepoteza. Dawa nazo ni vivyo hivyo. Ukimpa mmoja akapona, hujui kama ni dawa au angepona mwenyewe.

Baada ya vita vya pili kulikuwa na dawa mpya kutoka Marekani iliyoitwa streptomaisini. Uingereza ilipata kidogo tu, isiyotosha wagonjwa wote. Basi Hill akashauri ipigwe kura, ili daktari asichague nani apewe. Wagonjwa 55 walipata dawa na kupumzika kitandani. Wengine 52 walipumzika tu, kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi sita, waliopata dawa walikuwa wamekufa 4, na wasiopata walikuwa wamekufa 14. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1948, na tangu hapo dawa nyingi zimepimwa kwa kura namna hiyo. Miaka miwili baadaye, Hill na mwenzake Richard Doll walitumia hesabu kuonyesha kuwa sigara inahusiana na saratani ya mapafu.

Lakini sikiliza hapa, mama. Wengi wa wale waliopata streptomaisini walipata nafuu, kisha wakazorota tena. Viini vya TB vilikuwa vimeizoea dawa ile moja, vikawa sugu. Utafiti uliofuata ukaonyesha kuwa ukichanganya dawa mbili, usugu hupungua sana. Ndiyo sababu leo mtoto wako hapewi dawa moja peke yake.

Sasa turudi kwetu. Zamani hapa Afrika Mashariki matibabu ya TB yalichukua miezi 18. Fikiria kuvuka bahari mwaka na nusu! Wengi waliacha njiani. Kuanzia mwaka wa 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliingia katika utafiti mkubwa uliofuata njia ya Hill, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu. Swali lilikuwa moja: je, miezi sita yatosha? Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka wa 1972. Dawa mbili za zamani kwa miezi sita hazikutosha; ugonjwa uliwarudia zaidi ya robo ya wagonjwa. Lakini ilipoongezwa rifampisini, uliwarudia wachache sana, sawa na waliotibiwa miezi 18.

Kwa hiyo, mama, miezi sita si amri ya sista. Ilipatikana kwa kuwahesabu watu wetu wenyewe, waliopona na walioumwa tena. Mtoto akianza kucheza, viini vingi vimekufa, lakini vichache vimejificha. Ukiacha dawa, hivyo ndivyo vinavyorudi, na vinaweza kurudi vikiwa sugu.

Utafiti unaendelea. Mwaka wa 2022 matokeo kutoka Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India yalionyesha kuwa watoto wenye TB isiyo kali wanaweza kutibiwa miezi minne. Lakini anayeamua ni mhudumu aliyempima mtoto. Usikate dawa mwenyewe.

Kumbuka haya:
- Mtoto akikohoa wiki mbili au zaidi, akiwa na homa isiyoisha, akipungua uzito au akikosa raha ya kucheza, mpeleke kituo cha afya.
- Dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure.
- Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa usiogope, ni rifampisini. Macho yakiwa ya manjano au akitapika sana, rudi kituoni mara moja.
- Mtu mzima nyumbani akiwa na TB, watoto wote wapimwe, hasa walio chini ya miaka mitano.
- Nauli ikikushinda, sema mapema. Usinyamaze ukaacha.

Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akaomba kadi ya mtoto, akahesabu kwa kidole miezi iliyobaki. Ilikuwa minne. "Basi tutavuka," akasema. Wakavuka, mpaka mwezi wa mwisho ukatiwa alama.

Na wewe, kadi ya mwanao iko wapi? Itoe leo, uhesabu. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.