Kurudi Nyumbani kama Kichekesho: Mtazamaji wa Makete na Upungufu wa Nadharia ya Ukaribu wa Kitamaduni

Mwaka 1991 Joseph Straubhaar alitoa hoja ambayo hadi leo hurudiwa karibu bila kuulizwa katika tafiti za televisheni: mtazamaji akiwa na nafasi ya kuchagua, huchagua kipindi kilicho karibu na utamaduni wake. Hoskins na Mirus walikwishaieleza upande wa biashara mwaka 1988, waliposema kwamba kipindi kikivuka mpaka hupoteza sehemu ya thamani yake. Watengenezaji wa tamthilia wa Dar es Salaam na Nairobi wameigeuza hoja hiyo kuwa kanuni ya kazi. Chukua kisa cha kigeni, kivike khanga, kiseme Kiswahili, na mtazamaji atacheka. Makala haya yanapinga kanuni hiyo kwa kutumia kisa kimoja, cha mtu mzima anayerudi kuishi kwa wazazi wake, na eneo moja, tarafa na vijiji vinavyoizunguka Tandala wilayani Makete, mkoani Njombe.

Kisa chenyewe ni cha kawaida katika vichekesho vya Marekani. Kati ya Aprili na Juni 2013, kituo cha ABC kilionyesha *How to Live with Your Parents (For the Rest of Your Life)*, ambapo Sarah Chalke aliigiza mwanamke aliyepewa talaka na kurudi na binti yake kwa mama na baba wa kambo. Kilifutwa baada ya sehemu 13. Sababu si kwamba jambo lilikuwa geni kwa watazamaji wake. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha kwamba mwaka 2014, kwa mara ya kwanza katika zaidi ya miaka 130, Wamarekani wa umri wa miaka 18 hadi 34 walioishi kwa wazazi waliwazidi walioishi na mwenzi katika nyumba yao wenyewe. Kipindi kilikuwa karibu kabisa na maisha yao, na bado hawakukishika. Ukaribu pekee, basi, haukutosha hata kwao.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote hautoki Afrika. Tamar Liebes na Elihu Katz, katika kitabu chao cha 1990 kuhusu watazamaji wa tamthilia ya Kimarekani *Dallas*, waliyakutanisha makundi ya Waarabu wa Israeli, Wayahudi wenye asili ya Morocco, wahamiaji wa Kirusi, wakazi wa kibbutz na Wamarekani, wakawaonyesha sehemu ya tamthilia kisha wakawaomba wasimulie walichokiona. Katika sehemu mojawapo Sue Ellen anamchukua mtoto wake, anamkimbia mumewe J.R., na kuhamia kwa mpenzi wake wa zamani, katika nyumba anamoishi mpenzi huyo na baba yake. Kundi moja la Waarabu likasimulia vingine: Sue Ellen amerudi kwa baba yake mzazi. Wala hakuwa mtu mmoja aliyepitiwa. Walisaidiana na kuthibitishiana mpaka wakakubaliana.

Wengi wameusoma mfano huu kama kosa la kuelewa. Naona wamekosea. Watu wale waliuona mchezo kwa makini, kisha wakaupeleka mahali ambapo, kwa maarifa yao ya maisha, mke aliyeudhiwa hupaswa kuelekea. Kurudi kwa baba ni hatua yenye utaratibu: wazee huitwa, mume hufuata, maneno husemwa, na pengine mahari hurudiwa kuhesabiwa. Mtanzania yeyote anaujua utaratibu huo, na hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inautambua kwa namna yake, kwa kuwataka wanandoa wapite kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kupokea ombi la talaka. Kwa hiyo mtazamaji anapotoa maoni kuhusu mtu aliyerudi kwao, hukipima kisa kwa njia ya kurudi anayoijua, na ubora wa kipindi huja baadaye.

Sasa tuangalie njia ya kurudi iliyojulikana Makete. Kuhusu maisha ya zamani hakuna ubishi mkubwa. Monica Wilson, katika *Good Company* (1951), alieleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa, majirani wa Wakinga ambao ndio wenyeji wa Makete, walivyotoka kwa baba zao wakiwa na umri wa takriban miaka kumi na kujenga vijiji vya rika lao. George Park naye aliandika jinsi vijana wa Kikinga walivyolala katika nyumba za rika na kuchelewa kuoa. Chumba cha utotoni kinachomsubiri mtu mzima, ambacho ndicho kiini cha kichekesho cha Kimarekani, hakikuwepo.

Kilichofuata ni kizito zaidi. Wakinga walitoka kwa wingi kwenda Makambako, Mbeya, Njombe mjini na Dar es Salaam, wengi wakiwa wafanyabiashara wenye sifa ya bidii. Kisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU) zilipoanza kutolewa na mpango wa taifa mwaka 2004 na kuenea polepole, wengi walirudi kwa sababu moja: kuuguzwa. Mama mzee alimpokea mwana aliyemtegemea kumzika, akamzika yeye, akabaki na wajukuu. Njombe bado inaongoza kitaifa kwa maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima, asilimia 11.4 katika utafiti wa 2016–17 na 12.7 katika ule wa 2022–23, wakati wastani wa taifa katika utafiti huo wa pili ni 4.4. Katika kaya iliyomuuguza na kumzika mwana aliyerudi, picha ya mtu mzima akishuka kwenye basi na begi lake mbele ya mlango wa mama yake si mwanzo wa mzaha. Iigizwe kwa Kiswahili fasaha, iigizwe hata kwa Kikinga, itaumiza zaidi. Familia ya Kimarekani iliyo mbali sana ndiyo inayoweza kuchekwa kwa raha, kwa kuwa kule hakuna anayerudi kufa. Nadharia ya ukaribu inatabiri kinyume cha haya.

Pingamizi linalostahili kujibiwa ni la utani. Watanzania hutaniana msibani. Mtani hulala kaburini akidai alipwe, na wafiwa hucheka machozi yakiwa bado yanatoka. Iweje basi nidai kwamba msiba unazuia kicheko? Nadai tu kwamba kicheko hicho kina mwenyewe. Mtani amerithi haki ya kutania pamoja na wajibu wake: huchimba kaburi, hupika, huchota maji, na zamu yake ya kufiwa ikifika naye hutaniwa. Mwigizaji wa kwenye kioo hajafanya kazi yoyote katika msiba huo. Kichekesho cha *Papa Shirandula* cha Citizen TV ya Kenya kililikwepa tatizo hili kwa busara: mlinzi anayemficha mkewe kazi yake halisi hachekwi kwa kurudi, bali kwa hila zake za kutojulikana. Aibu ya mjini inachekesha ikiwa bado mjini.

Yupo atakayesema kwamba kijana wa Tandala aliyezaliwa baada ya 2004 hana kumbukumbu hiyo. Huenda kwa sehemu. Lakini wengi wao wamelelewa na bibi, na bibi ndiye anayeketi nao mbele ya televisheni.

Ikiwa hoja hii ina ukweli, dodoso linalomuuliza mtazamaji kama amekipenda kipindi, na linalopanga majibu kwa umri, elimu na lugha, linapima kitu kidogo sana. Swali la kwanza liwe la kaya: nani aliwahi kurudi katika nyumba hii, alirudi kwa sababu gani, nani alimpokea, na yuko wapi sasa. Natarajia majibu ya maswali hayo manne yatagawa maoni ya watazamaji wa Makete kwa usahihi kuliko lugha ya kipindi au nchi kilikotoka, na natarajia vivyo hivyo kwa Bukoba, kwa Rakai ya Uganda, na kila mahali ambako kizazi kimoja kilirudi nyumbani kikiwa mgonjwa.