Majani ya mlonge yafaa kuku wa mayai, ila kwa kipimo

KATIKA vijiji vilivyo kandokando ya Mto Tana, kuanzia Hola hadi Garsen na kushuka mpaka Kipini, mto unapoingia baharini, kuku ni akiba ya nyumbani. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliangamiza ng'ombe na mbuzi wengi katika maeneo kame ya Kenya, kisha mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya mwaka 2024 yakasomba mashamba ya bonde hilo. Mahindi yanapoadimika, mfugaji huona majani ya miti kama chakula cha bure.

Majani hayo yana manufaa. Hata hivyo, ni nyongeza ya lishe tu. Anayeyageuza kuwa chakula kamili, au dawa badala ya chanjo, huhatarisha kundi lake zima.

Mti unaosifiwa zaidi ni mlonge, ambao pia huitwa mzunze. Hustahimili ukame na joto la pwani, na ukikatwa huchipua upesi. Takriban robo ya uzito wa majani yake makavu ni protini. Aidha, yana madini ya kalsiamu na karotenoidi, viini vya rangi ambavyo kuku hawezi kujitengenezea mwilini.

Rangi hiyo ndiyo faida inayoonekana kwanza. Mahindi meupe, yanayolimwa zaidi nchini Kenya, hayana karotenoidi za kutosha, hivyo kiini cha yai hupauka. Kuku akila majani mabichi au unga wake, kiini hugeuka manjano iliyokolea, jinsi wanunuzi wengi wa mayai ya kienyeji wanavyopenda.

Kipimo

Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2007 ulijaribu unga wa majani ya mlonge badala ya mashudu ya alizeti, hadi asilimia 20 ya chakula. Ulipendekeza asilimia 10 kuwa kiwango chenye tija zaidi. Kwa mfugaji mdogo asiyeweza kupima virutubisho vya chakula chake, ni salama kuanzia asilimia 5. Majani yakizidi mno, nyuzinyuzi huongezeka, nguvu hupungua mwilini na utagaji hushuka.

Kuku anayetaga hula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 50, kwa hivyo, hula kilo 6, na asilimia 5 yake ni gramu 300 za unga wa majani. Kiasi hicho hutokana na takriban kilo moja na nusu ya majani mabichi, kwa kuwa sehemu kubwa ya jani bichi ni maji.

Gramu hizo 300 zina protini gramu 75 hivi, ilhali kuku hao 50 huhitaji zaidi ya gramu 900 kwa siku. Nyingine lazima itoke kwa dagaa, mashudu, kunde za nafaka au wadudu. Kalsiamu nayo haitoshi: ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za madini hayo, na kuku huhitaji karibu gramu 4 kwa siku. Majani humpa sehemu ndogo sana, hivyo chokaa ya mifugo au maganda ya chaza yaliyopondwa hayaepukiki. Katika joto la Garsen, ambapo kuku hula kidogo, maji safi yenye ubaridi yapatikane kutwa.

Kukausha

Majani yaoshwe, yatandazwe kivulini mahali penye hewa na kugeuzwageuzwa hadi yavunjike mkononi. Jua kali huharibu karotenoidi. Vikonyo viondolewe, majani yatwangwe, yachekechwe na kuhifadhiwa katika chombo kikavu kilichofunikwa. Unga ulioota kuvu utupwe, sawa na mahindi yaliyoloa mafurikoni. Sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na kuku pia hudhurika nayo.

Majani ya kuangaliwa

Si kila jani hufaa. Lusina ina mimosini, sumu inayodumaza kuku na kupunguza mayai. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi, hivyo yakatwekatwe na kukaushwa vyema kwanza. Mwarobaini ni mchungu, na ukizidi kuku hususia chakula. Majani ya mathenge, mti ulioletwa Bura miaka ya 1980 na kuenea hadi kwenye delta, hayafai. Kinachotumiwa kama lishe ni maganda yake ya mbegu yaliyosagwa.

Muhimu zaidi ni kwamba hakuna jani linalokinga kideri, yaani Newcastle. Ugonjwa huo hauna tiba na huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo inayorudiwa, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu, kwa ushauri wa afisa wa mifugo.

Mfugaji anayeanza ahesabu mayai kwa majuma mawili kabla ya kuchanganya majani, kisha aendelee kuhesabu kila siku. Yakipungua, apunguze majani kabla ya kutafuta kisingizio kingine.