Mashabiki Walioichora Middle-earth

Riwaya ya Tolkien, The Lord of the Rings, ilipotoka Uingereza mwaka 1954 na 1955, ilikuwa na ramani lakini haikuwa na picha za wahusika wake. Pengo hilo halikuzibwa na wachoraji wa kulipwa peke yao. Margrethe wa Denmark alimtumia Tolkien michoro yake kabla ya kuwa malkia mwaka 1972. Ilipochapishwa kitabuni mwaka 1977, baada ya kuchorwa upya na Eric Fraser, ilibeba jina la kubuni, Ingahild Grathmer. Nchini Marekani, Tim Kirk alichora picha za riwaya hiyo kwa ajili ya shahada yake ya uzamili, na baadhi zikapamba kalenda ya mwaka 1975. Ni haki kusema basi kwamba sura ya Middle-earth, ulimwengu wa riwaya hiyo, ni kazi ya wasomaji pia, tena si kazi ndogo.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba Tolkien mwenyewe aliandika kuwa picha hazizisaidii sana hadithi za kichawi, kwa sababu humfungia msomaji taswira moja. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaigusa zaidi picha moja iliyopewa mamlaka ya kitabu. Mashabiki mia wakichora mlima uleule, inapatikana milima mia, na msomaji anabaki na uhuru wa kuwaza wake. Isitoshe, Tolkien ndiye aliyeichorea picha The Hobbit, riwaya yake ya mwaka 1937, kwa mkono wake.