Volan ya gari ya zamani: namna ya kutambua pyesi ya asili

Ku Bel-Air, mu komine ya Kampemba hapa Lubumbashi, gari ya zamani haifi siku moja. Inaanza kusimama juu ya matofali nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, watoto wanacheza ndani. Halafu mtu wa mitraye anapita na mzani wake, ananunua chuma kwa kilo. Ku mzani wake, parshoki iliyooza na krimayeri nzima ya Peugeot 404 ni kitu kimoja. Zote zinaenda kuyeyushwa. Mwezi unaofuata, jirani mwenye 404 ingine anazunguka mji mzima akitafuta ile ile krimayeri.

Wapendwa wasikilizaji na wasomaji, ukurasa huu ni wa hao wawili: yule anayeuza bila kujua alicho nacho, na yule anayenunua bila kujua namna ya kutambua. Ninyi wa Kalemie, Uvira, Bukavu ao Bunia mtaona kama mambo ni yale yale kwenu. Tofauti ni mpaka gani uko karibu.

Kwa nini tunasema juu ya volan? Sababu mota ikikufa, gari inasimama. Volan ikikufa, gari inaendelea kwenda, na wewe ndani yake.

Kwanza tupatane juu ya majina. Gari za zamani ziko na volan za namna mbili. Ya kwanza ni ya bwate: chini ya fimbo ya volan kuko kisanduku cha chuma, ndani mna skurubu nene inayozungusha mkono mmoja, fundi wanauita byele, na ule mkono unavuta bara za direksio mpaka ku matairi. Volkswagen Coccinelle, Land Rover za zamani, Mercedes 123 na Land Cruiser za miaka ya 1960 na 1970 ziko hivyo. Ya pili ni ya krimayeri: chuma kirefu chenye meno, na ka-piniyo kadogo kanakisukuma kushoto na kuume. Peugeot 404 na 504 ziko hivyo. Rotula ni kile kiungo cha mviringo ku mwisho wa bara, kinachocheza kama kichwa cha mfupa mu nyonga.

Kwa hiyo mtu akikuletea krimayeri akisema "baba, hii ni ya Coccinelle ya 1967", usibishane naye, endelea na njia yako. Coccinelle iliyopata krimayeri ni 1303 ya modeli ya 1975, zile za mbele yake zote ni bwate.

Sasa, jambo linalotusumbua sisi kuliko watu wa Ulaya ni upande. Kongo tunatembea kuume, volan iko kushoto. Ukifika Kasumbalesa, kilometa karibu 90 toka hapa, ukavuka Zambia, wanatembea kushoto na volan iko kuume. Tanzania, Kenya na Uganda ni hivyo pia. Rwanda na Burundi ni kama sisi. Maana yake, karibu njia zote ambazo pyesi za okazio zinapita kuja kwetu zinatoka katika nchi za volan ya kuume. Pyesi inaweza kuwa ya asili kabisa, ya usine, haijaguswa, na isikufae hata kidogo.

Yaya yangu mmoja alipata somo hilo. Alinunua krimayeri ya 504 iliyopita mpaka, nzuri, haina kutu, bei ya urafiki. Kuipeleka garaji, piniyo iko upande wa kuume. Fundi akamwambia: "Yaya, usihangaike, tunaipindua tu." Wakaipindua. Alipokata volan kushoto, matairi yakaenda kuume. Alitembea nayo mita kumi ndani ya kiwanja, akashuka, hakusema kitu. Na ni kweli haiwezi kuwa namna ingine: ukiipindua krimayeri juu-chini ili piniyo ihame upande, meno yanasukumwa kinyume. Hakuna ufundi wa kuponya hiyo.

Juu ya 504, inafaa kujua hivi. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978, ndiyo sababu ukienda upande wa Nairobi watu bado wanazijua kama wanavyojua ng'ombe wao. 504 ziliunganishwa Kenya miaka mingi, mpaka mwanzo wa miaka ya 2000, lakini zote ni volan ya kuume. Nigeria nayo iliziunganisha ku Kaduna, kuanzia 1975, na Nigeria wanatembea kuume kama sisi. Kwa krimayeri nzima, Kaduna iliyo mbali inakufaa kuliko Nairobi iliyo karibu. Lakini rotula za nje, kwa kawaida, hazijui upande wa volan. Hizo unaweza kuzitoa Nairobi bila hofu, na mtu asikukataze.

Kuko hatari ingine hapa mjini: gari iliyogeuzwa volan. Watu wananunua gari ya volan ya kuume, fundi wanaihamisha kushoto. Ukitaka kununua gari ya zamani ili utoe volan yake, ao ukitaka kujua kama yako ni ya asili, fungua kapo na uangalie ukuta ulio kati ya mota na miguu ya shofere. Upande wa kuume, kuko tundu lililofunikwa na toli na kuchomelewa? Halafu angalia vipangusa-kioo vya mbele. Vilipangwa usine ili vifute vizuri mbele ya shofere. Kama vinaacha kona chafu mbele ya macho yako na vinafuta safi mbele ya abiria, shofere wa kwanza alikuwa anakaa kule. Fundi wanahamisha volan na pedali, vipangusa-kioo mara nyingi wanavisahau.

Tuje ku namba. Osha pyesi na petroli na brosi ya nyuzi laini. Usitumie meule, inakula namba. Kama herufi zimezama, paka chaki juu, pangusa, zile zilizobaki nyeupe utazisoma. Kama zimesimama, weka karatasi juu na usugue na penseli.

Lakini elewa kwamba kuko namba mbili. Moja imesimama ku chuma, imetoka pamoja na kalibu wakati wa kumimina. Hiyo ni namba ya umbo, na umbo moja linaweza kutumika kwa pyesi mbili tofauti. Ingine imepigwa ao imeandikwa ku kabati kadogo ao ku karatasi ya boksi. Hiyo ndiyo namba ya pyesi yenyewe. Wengi wanaandika ile ya kwanza ku WhatsApp, wanatumiwa kitu kingine, wanasema wameibiwa.

Volkswagen ndiyo inayosomeka vizuri. Tarakimu tatu za kwanza zinasema gari, tatu zinazofuata zinasema sehemu, na 415 ni upande wa volan. Bwate inayoanza na 113 415 ni ya Coccinelle ya volan kushoto, 114 415 ni ya kuume. Kwa Kombi ni 211 na 214. Tena kwa pyesi zilizo mbili mbili, namba inayoishia na tarakimu isiyogawanyika kwa mbili ni ya kushoto, inayogawanyika ni ya kuume. Ukikosa namba, tazama bara: Coccinelle ya volan kushoto iko na bara fupi kushoto na ndefu kuume. Ukikuta kinyume, imetoka ng'ambo.

Mwaka nao una maana. Bwate ya Coccinelle ilibadilika kwa modeli ya 1962, na kuanzia modeli ya 1968 fimbo ya volan ilitengenezwa ili ijikunje gari ikigonga, isimchome shofere kifua. Kurudisha fimbo ya 1964 mu gari ya 1970 kwa sababu "inaingia" ni kumrudishia shofere mkuki. Kwa kujua mwaka, inua kiti cha nyuma, usome namba ya shasi katikati. Tangu modeli ya 1965 tarakimu ya tatu ni ya mwaka: 118 na zinazofuata ni modeli ya 1968. Zikiwa tisa ni kati ya 1965 na 1969, zikiwa kumi ni 1970 na mbele. Kumbuka modeli ilikuwa inaanza mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia.

Ku Mercedes 123, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1985, namba inaanza na 123, halafu 460 kwa mambo ya bwate na 330 kwa bara za pembeni. Ku Peugeot, 4000 ni krimayeri na 3817 ni rotula, halafu nukta na tarakimu za mwisho zinazotenganisha modeli. Toyota wanaandika tano-tano: 45046 ni rotula, na nyuma ya ka-mstari 60 ao 69 mara nyingi ni Land Cruiser.

Alama za watengenezaji zinasaidia pia, lakini usizipigie magoti. Rotula nyingi za gari za Kijerumani zilitoka kwa Lemförder, alama yao ni bundi. Bwate nyingi ni za ZF. Kwa gari za Japani, 555 ya Sankei inajulikana mpaka kijijini, na kwa sababu inajulikana, ndiyo inayoigwa zaidi. Boksi si ushahidi. Boksi linachapishwa.

Chuma chenyewe ndicho hakidanganyi haraka. Byele ya asili imefuliwa, haikumiminwa. Ipindue ubavuni: iliyofuliwa iko na mstari mpana, kama kovu lililosagwa. Iliyomiminwa iko na mstari mwembamba kama uzi. Ining'inize kwa kamba na uigonge: ya kufuliwa inalia kama kengele, ya kumiminwa inajibu kama nyungu iliyopasuka. Byele ya kumiminwa katika barabara zetu, mtu asikudanganye, inakatika. Kisha hesabu meno mu tundu lake na meno ya bwate yako. Jino moja likizidi ao likipungua, usilazimishe na nyundo.

Kwa rotula, kuko jaribio lisilo na gharama. Ule msumari wake umechongoka, unaingia mu tundu lililochongoka vilevile. Chukua masizi chini ya sufuria iliyokaa ku mbabula, paka msumari wote, uingize kavu, zungusha kidogo, toa. Masizi yakifutika juu mpaka chini, kipimo ni chake. Yakifutika ku pete moja tu, rotula inashikwa na ile pete peke yake. Nati itaikaza leo, wiki ijayo itaanza kucheza. Angalia pia uzi wa skurubu: bara nyingi ziko na rotula moja ya uzi wa kawaida na moja ya uzi wa kinyume. Ukinunua mbili za namna moja, utarudi sokoni.

Juu ya kuchomelea, sitaandika mengi. Bara, byele na rotula hazichomelewi. Fundi akikuambia amefanya hivyo miaka 20, mwulize kama yeye mwenyewe anaendesha hiyo gari.

Wenye Land Rover za Series, zile za 1948 mpaka 1985, angalieni zaidi. Ndani ya traverse ya mbele ya shasi mna rele ya volan, bomba nene lililosimama. Ni pyesi inayotafutwa sana, na ndani yake mna reso yenye nguvu iliyobanwa. Ikifunguliwa kizembe inaruka kama risasi, na imekwisha kuumiza fundi. Kama hamjui namna ya kuifunga kwanza, itoeni nzima, iuzeni nzima.

Na hivyo ndivyo inavyofaa kutoa yote kabla mtu wa mitraye hajafika: fimbo, bwate ao krimayeri, byele na bara zake, vikiwa vimeshikamana. Usikate na shalimo, moto unaharibu ugumu wa chuma. Ku gari yenyewe, nakili namba ya shasi, uiandike na rangi ju ya pyesi, pamoja na mwaka na upande wa volan. Piga picha namba zote. Paka mafuta ya mota ya zamani, funga mu kiloba, weka juu, pasipo na unyevu, maana mvua za Lubumbashi zinaanza mwezi wa kumi na moja na kutu haingojei.