Kihisi cha "Inchi Moja" Kipimwe kwa Milimita

Anayetafuta kamera ndogo ya kupigia picha penye mwanga hafifu, iwe ndani ya mashimo ya madini ya koltani ya Rubaya huko Masisi, mashariki mwa Kongo, au chini ya msitu mzito wa Walikale, hukutana upesi na istilahi "kihisi cha inchi moja". Kihisi ni kibamba cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi, kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Neno hilo limetoka katika kuhisi, na linaitaja kazi yake barabara. Kasoro imo katika kipimo. Inchi ni milimita 25.4, ilhali kihisi hicho kina upana wa milimita 13.2 na kimo cha 8.8, hata mshazari wake haufiki 16. Jina limerithiwa kutoka mirija ya kioo ya kamera za zamani za televisheni, na kilichopimwa inchi kilikuwa kipenyo cha nje cha mrija. Kulitafsiri neno kwa neno ni kuupokea upotofu huo na kuupa makao katika Kiswahili.

Milimita husema kweli. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi cha inchi "1/2.3", yaani karibu milimita 6.2 kwa 4.6. Kwa majina hayo mnunuzi atadhani kikubwa kinakizidi kidogo mara mbili na ushei. Akipiga hesabu ya eneo ataona ni mara nne, na mwanga unaokusanywa, uwazi wa lenzi ukiwa sawa, ni mara nne pia. Ndiyo maana Sony RX100 ya mwaka 2012, yenye kihisi cha "inchi moja" na lenzi ambayo uwazi wake unaanzia f/1.8, iliingia mfukoni na bado ikatoa picha za usiku zenye chenga chache. Megapikseli haziongezi mwanga, huugawa tu.

Wapo watakaosema wauzaji wamekwisha kuzoea "inchi moja". Basi libaki jina la aina, milimita ziandikwe kando yake. Wengine watasema mweko unatosha. Lakini mweko wa kamera ndogo humulika mita chache tu, na mbele ya gorila wa Kahuzi-Biega, hifadhi inayofika hadi Walikale, hautakiwi. Simu nazo huunganisha picha kadhaa kuwa moja, jambo linalofaa kwa kitu kilichotulia. Mchimbaji anayetembea na tochi kichwani atatoka na ukungu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji: kihisi hiki ni milimita ngapi kwa ngapi?