Nani Aligusa Ruta?

Kwenye ploti ambako wapangaji huchanga pesa ya waifai, mtandao ukianza kusuasua swali huwa moja: nani aligusa ruta? Mimi huitwa swali hilo likishageuka ugomvi. Naingia kwenye ruta, nabonyeza mshale wa juu nione amri za mwisho zilizoandikwa, na mara nyingi hamna kitu. Kuna ploti moja ambapo kijana wa mtandao nusura anyimwe malipo yake kwa sababu hiyo. "Amefuta ushahidi," walisema. Kumbe hakukuwa na cha kufuta. Ruta nyingi hazikuundwa zikumbuke, na sababu yake ni ya zamani kuliko fundi yeyote anayelaumiwa.

Programu inayopokea amri unazoandika huitwa sheli. Ile ya kwanza ya Unix, aliyoiandika Ken Thompson mwaka wa 1971, haikuweka historia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bill Joy wa Berkeley, California, akatengeneza sheli ya C. Humo ukiandika alama mbili za mshangao, amri ya mwisho inarudi yenyewe. Joy hakuwa anatafuta ushahidi wa nani kafanya nini. Alikuwa anaokoa vidole.

Halafu 1989 zikazaliwa sheli mbili zenye tabia tofauti. Bash ya Brian Fox ndiyo ile ambayo kwa kawaida, ukitoka, huandika amri zako kwenye faili. Ash ya Kenneth Almquist ilikuwa ndogo kwa makusudi. Almquist aliona kukumbuka amri si kazi ya sheli, ni kazi ya programu inayoendesha kibodi na skrini. Bash ikazoeleka kwenye kompyuta kubwa. Ash, kwa udogo wake, baadaye ikaingia ndani ya BusyBox, mradi ambao Bruce Perens aliuanzisha 1995 ili mfumo mzima wa kusakinisha Debian utoshee kwenye flopi moja.

Mwaka wa 2003 watu waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G inatumia Linux. Leseni ya GPL ikailazimu kampuni kutoa msimbo wake, na 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ukiibeba BusyBox na ash yake. Ruta zile za mwanzo zilikuwa na megabaiti 4 tu za flashi. Picha moja ya simu yako leo inaweza kuijaza. Isitoshe, flashi huchakaa: kila sehemu yake hufutwa na kuandikwa upya mara kadhaa zenye kikomo. Sasa nani atapoteza nafasi hiyo kwa kuhifadhi amri? Kwa miaka mingi OpenWrt ilijengwa bila sehemu ya kuhifadhi historia. Amri zilikaa kwenye kumbukumbu ya muda, ukifunga dirisha zinaenda.

Ndiyo maana unaweza kuweka HISTFILE, ukaipa jina la faili zuri kabisa, na bado usione kitu. Kama sehemu hiyo haikuwekwa wakati wa kujenga mfumo, sheli haina habari na HISTFILE yako. Pima hivi: andika amri moja, toka kwa exit, ingia tena, bonyeza mshale wa juu. Ikirudi, angalia faili iko wapi. Ikiwa ndani ya /tmp, ruta ikizimwa imeenda, maana /tmp hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Pia BusyBox inaweza kujengwa ihifadhi pale tu unapotoka. Stima ikipotea kabla hujatoka, kazi yote ya jioni haina shahidi.

Na hata historia ikihifadhiwa, wacha tusiidanganyie. Kila mtu huingia kama root, kwa hivyo haina jina la mtu. Ash haiandiki saa. Mabadiliko yaliyofanywa kwenye kivinjari hayaonekani humo kabisa. Kitu inachoweza kuhifadhi vizuri sana ni nywila uliyoiandika ndani ya amri, ikimsubiri msee atakayeingia baada yako.

Ukiniuliza, kumnyima mtu haki yake kwa sababu mshale wa juu haukuleta kitu ni uonevu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na waifai ya ploti ni mali. Kabla ya kugusa chochote mimi hunakili /etc/config nzima kwenye kompyuta. Nikimaliza, naandika kwenye daftari linalokaa kwa msimamizi: tarehe, jina langu, nilichobadilisha na kwa nini. Fundi anayefuata naye aandike yake. Daftari la karatasi halitumii stima.