Maumivu ya miguu yaweza kuashiria hatari ya kiharusi

Maumivu ya shavu la mguu yanayomshika mtu atembeapo na kutulia apumzikapo yasipuuzwe kuwa ni uzee. Huenda mishipa ipelekayo damu miguuni imezibwa na mafuta yaliyojijenga kwenye kuta zake.

Maradhi haya hayaishii mguuni. Mara nyingi mishipa ya shingo inayolisha ubongo nayo huwa imedhurika. Damu ikiganda humo na kuziba njia, mgonjwa hupatwa na kiharusi.

Daktari hulinganisha shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na la mkononi. Uwiano wa 0.9 au chini huashiria ugonjwa. Wavutaji sigara, wenye kisukari na wenye shinikizo la juu la damu wamo hatarini zaidi. Kuacha sigara na kufuata matibabu hulinda mguu na ubongo pia.